Mjukuu wangu ameniambia ukweli wake, na mimi nina siri ya mdogo wangu

Mwanangu mwandishi,

Nakuandikia kutoka Dodoma. Mimi ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, mjane, nina miaka 69, naishi na wajukuu wawili pembezoni mwa jiji. Niliingia darasani mwaka 1977, ule mwaka wa Elimu ya Msingi kwa Wote, watoto wamejaa mpaka kwenye madirisha, kwa hiyo watoto wa watu nimewaona wa kila namna. Ninalokuletea leo ni la damu yangu, na siku zilizobaki kabla ya kikao cha ukoo ni chache.

Mjukuu wangu wa kiume, mtoto wa mwanangu wa kwanza, ana miaka 21. Yuko mwaka wa pili chuo kikuu, hapa hapa Dodoma. Nimemlea tangu darasa la nne, mama yake alipofariki. Mwezi uliopita tulikuwa uani tumekaa jamvini tunabangua karanga. Akasema bila kuniangalia, "Bibi, mimi sivutiwi na wasichana. Nimejaribu. Sivutiwi." Mikono yake haikusimama, ila nikaona punje anazitupa kwenye ungo wa maganda, na maganda anayaweka kwenye bakuli la karanga. Sikumkatiza. Akaniambia alianza kujijua akiwa kidato cha pili, kwamba yupo kijana mwenzake anayempenda, na kwamba amefunga na kuomba sana Mungu amwondolee. Nilimwambia mimi ni bibi yake leo kama jana. Nikamwambia pia asimweleze mtu mwingine nyumbani mpaka tuongee tena.

Hatukuwahi. Baba yake aliichukua simu yake akasoma ujumbe. Usiku ule sitausimulia. Kijana ana kovu juu ya jicho. Sasa mwanangu ameweka masharti: ama aende kwenye kambi ya maombi ya mhubiri mmoja akae huko mpaka afunguliwe, ama ada haitoki tena na nyumbani kwa baba yake asikanyage. Baba zake wadogo nao wana yao. Mmoja anataka apelekwe kwa mganga huko Singida. Mwingine anasema dawa ni kumwoza upesi, na binti ameshapatikana Bahi. Halafu mwanangu, hasira zimempanda, ametamka mbele za watu kwamba vyote vikishindikana atampeleka polisi kwa mkono wake. Kikao ni Jumamosi ya wiki ijayo, kwangu, kwa kuwa mimi ndiye mkubwa.

Kuna jambo ambalo hawalijui. Nina mdogo wangu wa kiume, tuliyeachiana ziwa. Alikuwa mchunga ng'ombe hodari, mpiga zeze, hakuna aliyemdhania lolote. Operesheni Dodoma ilipotuhamishia kijiji cha ujamaa mwaka 1971 alikuwa na miaka 13, na ndiye aliyeubeba mlango wa tembe letu kichwani mpaka makazi mapya, baba hakutaka kuuacha. Alipokua akapata kibarua stesheni ya reli Dodoma mjini. Huko akakutana na kijana wa Kondoa, wakapanga chumba pamoja. Watu walijua ni marafiki wanasaidiana kodi. Mwaka 1981 baba akapata habari. Mimi nilikuwa nimeshaolewa, nafundisha Mpwapwa. Walimrudisha kijijini, ng'ombe wakatoka, akaozwa ndani ya mwezi mmoja.

Wifi yangu yule, Mungu amrehemu, alikaa miaka mitatu kwenye nyumba ambayo mume analala barazani. Watu walimwita tasa. Akarudi kwao, akaolewa kwingine, akazaa watoto wanne. Mdogo wangu alikuja kwangu usiku, nikampa nauli, akapanda treni Gulwe. Nyumbani wakasema amepotea, na baba yetu alikufa akijua hivyo.

Lakini mimi barua nilikuwa nazipata. Zilikuja shuleni, si nyumbani, na mwisho ameandika "mwanafunzi wako wa zamani". Mara nyingine ndani mna hawala ya posta. Siku hizi ni simu. Kwenye simu yangu jina lake ni Fundi Cherehani, na kweli ndiyo kazi yake. Yuko mji mmoja wa pwani, ana miaka 67, anaishi na yule yule kijana wa Kondoa, ambaye sasa ni mzee wa kisukari aliyekatwa vidole vya mguu. Majirani wanajua ni ndugu. Zaidi ya miaka arobaini, mwanangu. Watoto wangu wanajua walikuwa na mjomba aliyepotea. Hawajui kwamba yu hai. Aliniapisha nisiseme.

Sasa niambie. Je, nisimame kwenye kikao niwaeleze, wajue kwamba hili si geni kwetu na kwamba kumwoza mtu hakukusaidia kitu? Nimpeleke mjukuu akamwone babu yake? Mwanangu namzuiaje? Na mimi ni Mwanglikana wa kuzaliwa, nimeimba kwaya tangu msichana. Sijui hata nisali nini.

Bibi Mwalimu, Dodoma

*

Mwalimu, shikamoo.

Nimeisoma barua yako mara nyingi. Mtoto aliyekuchagua wewe kumwambia hakukosea mlango, na hilo ulijue kabla hatujafika kwenye mengine.

Nianze na kikao, maana kina tarehe. Mdogo wako usimtaje. Naelewa kwa nini unatamani kumtaja: ni ushahidi ulio hai, na ungewanyamazisha wengi mle ndani. Lakini siri hiyo ni ya kwake. Maisha yake yote ya utu uzima yamesimama juu ya majirani kuamini kwamba wale wazee wawili ni ndugu. Neno likitoka kwenye kikao Jumamosi, Jumapili liko Bahi, na kabla ya wiki kwisha limefika pwani. Na yupo mzee wa pili, yule wa Kondoa, ambaye hajaulizwa kabisa, na ni mgonjwa, na hana pengine pa kwenda.

Ujue pia sheria inasemaje, ili uzito wa jambo uwe mbele yako. Kifungu cha 154 cha Kanuni ya Adhabu kinatoa kifungo cha maisha, na kwa vyovyote si chini ya miaka 30, kwa kile kinachoitwa kujamiiana kinyume cha maumbile. Kifungu hicho tuliachiwa na Waingereza. Adhabu yenyewe ilipandishwa na sisi wenyewe, kwa Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998. Mdogo wako alipopanda treni Gulwe alikuwa anakimbia hasira ya baba. Leo angekuwa anakimbia na hiyo miaka 30 juu yake.

Hayo ndiyo ya kumwambia mwanao kuhusu polisi, na umwambie kabla ya Jumamosi, mkiwa wawili tu. Usiyaache ya kikaoni. Mwanaume aliyekwisha kutamka jambo mbele ya ndugu zake ataona aibu kulirudisha mbele ya hao hao. Mwite kwako jioni, mpikie, mwache ale, ndipo useme. Mwulize kama anajua anachokitisha. Yeye kichwani ana viboko na siku mbili za mahabusu za kumtia kijana adabu. Jalada likishafunguliwa kesi ni ya Jamhuri, si ya baba. Mzazi hana uwezo wa kwenda kituoni kesho yake akasema amesamehe. Na kabla hata ya mahakama, kuna watu katika nchi hii waliopelekwa hospitali wakapimwa sehemu ya haja kubwa kwa nguvu, eti kutafuta ushahidi. Kipimo hicho hakithibitishi lolote, na Chama cha Madaktari Duniani kilitoa azimio mwaka 2017 kuwataka madaktari wasishiriki. Mwanao amemzaa huyu mtoto, hata kama siku hizi hasira imemzidi. Sidhani kama akilisikia hili lote kwa mama yake, kwa sauti ya chini, atalitamka tena.

Kuhusu kambi ya maombi na mganga. Kijana ana miaka 21, ni mtu mzima. Hakuna baba wala mhubiri mwenye ruhusa ya kumfungia mtu mzima mahali asipotaka; hilo nalo ni kosa katika Kanuni ya Adhabu ile ile. Akitaka kuombewa, aombewe kwa hiari yake, arudi kwake kulala. Ila mle ndani watasema mtoto ni mgonjwa, kwa hiyo uwe na jibu. Shirika la Afya Duniani liliondoa mapenzi ya jinsia moja kwenye orodha yake ya magonjwa tarehe 17 Mei 1990. Hakuna dawa kwa kuwa hakuna ugonjwa. Wanaopelekwa kwenda kutibiwa hurudi wamekonda, wamejifunza kusema uongo vizuri zaidi, na wengine hawarudi. Nimepokea barua za mama wawili wa hao ambao hawakurudi, na sitaki ya tatu itoke kwako.

Kwa sababu hiyo nakuomba jambo ambalo ni zito kulitamka. Kaa na mjukuu wako umwulize kwa maneno ya wazi kama amewahi kufikiria kujiua. Usizunguke. Kumwuliza hakumtii wazo kichwani. Mara nyingi kunampa nafasi ya kupumua. Akisema ndiyo, usimwache peke yake usiku huo, na kesho yake mwende pamoja kwa daktari wa afya ya akili. Mueleze daktari kwamba kijana hana usingizi na amekata tamaa. Huko ndiko kuumwa kwake kuliko. Mengine hawajibiki kuyasema kwa mtu asiyemwamini.

Sasa binti wa Bahi. Hapa ndipo nimekaa muda mrefu kuliko pengine pote, kwa sababu katika barua yako kuna mtu ambaye hakuna aliyewahi kumwuliza chochote, naye ni wifi yako. Msichana wa miaka ile, ametolewa kwao kwa ng'ombe, anaamka kila asubuhi anamkuta mume barazani, hajui amekosa nini. Nadhani alijikagua mwili wake akitafuta kasoro. Nadhani alikunywa dawa za kienyeji za uzazi ambazo hakuzihitaji. Mtaani anaitwa tasa, na alikuwa na watoto wanne tumboni wanaosubiri tu mume anayemtaka. Mdogo wako aliumizwa, ndiyo. Yeye pia, na hakuwa na dada wa kumpa nauli.

Hilo, Mwalimu, unaruhusiwa kulisema kikaoni. Ukoo mzima unalijua. Huna haja ya kutaja sababu wala kutaja kwamba kuna mtu yu hai. Sema tu kwamba katika nyumba hii tulishawahi kumwoza mtu asiyetaka, ng'ombe walitoka, mtoto wa watu akalia miaka mitatu, na wewe uliyeshuhudia hutakubali kulishuhudia mara ya pili. Kisha waambie Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inataka hiari ya wote wawili. Yule binti wa Bahi ana baba na mama. Waulize wanaotaka kuoza kama wako tayari kwenda kuwaambia wazazi wale ukweli wote kabla ya kupokea mtoto wao. Nafikiri hoja ya ndoa itaishia hapo.

Watasema pia kwamba haya yameletwa na Wazungu, yametoka kwenye televisheni na simu. Hapa utalazimika kumeza mate, kwa kuwa jibu lako zuri kuliko yote ndilo lile usiloweza kulitoa: mchunga ng'ombe wa Ugogo miaka ya sabini, wakati Tanzania Bara haikuwa na kituo cha televisheni mpaka mwaka 1994. Lakini unaweza kusema kwamba kilichokuja na Wazungu kwa maandishi ni hicho kifungu cha adhabu, na kwamba Waafrika wenzetu wameanza kukitoa. Msumbiji, jirani yetu, ililiondoa kosa hilo kwa sheria ya adhabu iliyoanza kutumika mwaka 2015. Botswana, Mahakama Kuu ilikifuta mwaka 2019. Kenya ilijaribiwa mwaka huo huo wa 2019 na mahakama ikakataa, kwa hiyo simwambii mtu kwamba barabara imenyooka. Usibishane sana kwenye hili. Mtu mwenye hasira ukimletea nchi tano anakuletea aya kumi.

Nije kwa mdogo wako na mjukuu wako, ambalo ndilo swali lililonifanya nikujibu kwa kirefu hivi.

Vijana kama mjukuu wako huniandikia. Wengi wao hawajawahi kumwona mzee wa namna yao. Wanajua habari za kukamatwa, za kufukuzwa kwenye chumba cha kupanga, za picha zilizosambazwa. Walikuwa watoto wa shule mwaka 2014 Binyavanga Wainaina, mwandishi wa Kenya, alipotangaza mbele ya dunia kwamba yeye ni shoga, na walikuwa bado wanakua alipofariki mwaka 2019 akiwa na miaka 48. Walikuwa sekondari mwaka 2018 mkuu wa mkoa mmoja alipowataka wananchi wapeleke majina ya mashoga. Wizara ya Mambo ya Nje ilitoa taarifa kwamba ule haukuwa msimamo wa serikali, lakini mtoto wa miaka 14 hasomi taarifa za wizara, anasikia tu kwamba watu kama yeye wanatafutwa. Matokeo yake kijana wa miaka 21 hana picha yoyote ya kichwani ya yeye mwenyewe akiwa na miaka 60. Haoni kwamba huko kunafikika.

Waliowatangulia kidogo nao wana majeraha ya kwao. Yupo msomaji wangu wa miaka arobaini na kitu, mama mmoja wa mkoa wa kati, anayeishi na mwenzake wa kike. Mtaani wanajulikana kama shemeji wawili wajane. Aliwahi kuniandikia kwamba kaka zake wa hiari, vijana wa kiume waliokuwa wakipata huduma ya virusi vya ukimwi kwenye vituo vyao, walipoteza pa kwenda mwaka 2017 serikali ilipozuia vituo 40 kuwahudumia. Baadhi aliwazika. Kizazi hicho kimejifunza kutomwamini mtu, na hawapokei wageni kirahisi.

Ndiyo maana mdogo wako ni hazina. Mzee wa miaka 67 anayeshona nguo, analipa kodi, anamfunga mwenzake kidonda cha mguu kila asubuhi. Mjukuu wako akimwona atajifunza kitu ambacho mimi siwezi kumwandikia, wala wewe, pamoja na upendo wako wote, huwezi kumwambia.

Lakini anza na ruhusa. Mpigie mdogo wako simu, usimtumie ujumbe wa maandishi. Mweleze yaliyompata mtoto, kovu na yote, kisha nyamaza umwachie nafasi. Usimwombe jibu siku hiyo. Mwombe azungumze na mwenzake, kwa kuwa nyumba ni ya wote wawili. Anaweza kukubali kila kitu, hata kusema mtoto aje likizo. Anaweza kukubali mjukuu aambiwe tu kwamba yupo, bila jina na bila mji. Anaweza kukataa kabisa. Akikataa, Mwalimu, usimshawishi kwa machozi. Mtu aliyejificha miaka arobaini ana sababu ambazo mwili wake unazijua kuliko maneno, na kukataa kwake hakumaanishi hampendi mtoto.

Akikubali, mazungumzo yao ya kwanza yafanyike kwenye simu yako, ukiwa chumbani, mlango umefungwa. Namba isiingie kwenye simu ya kijana, wala picha. Mdogo wako alifichuliwa na maneno ya watu; mjukuu wako amefichuliwa na kioo cha simu alichokuwa amekishika mwenyewe. Mfundishe kufuta, kuweka namba ya siri, kutokubali kukutana na mtu aliyemjua mtandaoni kabla ya kumjua vizuri, kwa kuwa wapo wanaojifanya marafiki kisha wakadai fedha kwa vitisho. Wazee wale wakimfundisha jinsi ya kuishi kwa kujihifadhi bila kujichukia, itakuwa zaidi ya ada yoyote.

Na wewe ukiwa kwenye simu hiyo, uliza jambo moja la kiutu uzima: nyumba imeandikwa jina la nani? Wakifa leo mmoja wao, ndugu watatokea, na aliyebaki atatolewa nje na mashuka yake. Sheria haiwatambui kama wenza, lakini mtu yeyote anaweza kuandika wosia akamrithisha rafiki. RITA, yaani Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini, huandika na kuhifadhi wosia. Hakuna anayelazimika kueleza wanaishi vipi. Inatosha kusema huyu ndiye aliyeniuguza. Nimeona wazee wengi wa namna hii wanaacha hili mpaka wakati umepita.

Umeniuliza usali nini. Sitakudanganya kwamba Kanisa lako hapa nchini limekubali. Halijakubali, na maaskofu wake wamelisema hilo wazi. Lakini Uanglikana wenyewe una watu waliosimama na watoto kama wako. Askofu mstaafu Christopher Senyonjo wa Uganda alianza kuwasikiliza na kuwashauri watu hawa baada ya kustaafu, Kanisa likamtenga, na hakuacha. Askofu Mkuu Desmond Tutu alisema mwaka 2013 kwamba hataki mbingu yenye chuki kwa watu hawa, na binti yake, kasisi Mpho Tutu, alipofunga ndoa na mwanamke ikambidi arudishe leseni yake ya ukasisi mwaka 2016. Baba mtu, askofu mkuu, aliwabariki. Hao walikuwa wanasali sala zile zile unazosali wewe. Ulivyokuwa ukimwombea mtoto huyu akiwa na surua, mwombee hivyo hivyo. Ila kwa mchungaji wako usimpeleke kabla hujajua anasimama wapi. Msikilize kwanza anavyowazungumzia watu kama yeye asipojua kwamba una mmoja nyumbani.

Yaliyobaki ni ya mfuko na kitanda. Jua leo kama kijana ana mkopo wa Bodi ya Mikopo na unafika wapi, ili ujue baba akikata mkono pengo ni shilingi ngapi. Kama anaweza kupata kitanda bwenini, ahamie sasa, si baada ya kikao. Na mtafute mtoa msaada wa kisheria hapo Dodoma, wale wanaotambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017, uwe na namba yake karibu. Ukienda kwake huna haja ya kueleza mapenzi ya mtu. Sema una mjukuu mtu mzima aliyepigwa na anayetishiwa kufungiwa.

Jumamosi yenyewe kijana asiwepo. Si mshtakiwa, na hakuna swali atakaloulizwa mle ndani ambalo jibu lake halitamdhuru. Kikao kiko kwako na wewe ndiye mkubwa, kwa hiyo wewe ndiye unayekifungua. Sema mwanzoni kabisa mambo matatu ambayo hayajadiliwi: hapigwi tena, hapelekwi popote kwa nguvu, haozwi. Waache wazungumze mengine watakavyo, wamwage hasira yao, ni ndugu zake nao wana hofu. Wakirudi kwenye hayo matatu, simama ufunge kwa sala, hata kama chai haijaiva.

Jumapili niandikie. Nataka kujua kijana amelala wapi, na mwanao aliondoka akiwa amesema nini.